Programu Iliyovutwa Kama Uzi

Mtaani wanamwita Mshonaji mpaka leo, ingawa ni mwaka wa tisa tangu aache kushona na kuanza kupanga kurasa za vitabu. Kompyuta ameiweka juu ya meza ileile ya cherehani. Pedali ya chini hakuitoa, na kazi ikimkolea, mguu wake wa kulia huikanyaga kama zamani bila kushona chochote.

Kupanga kurasa hakujawahi kumshinda. Kilichokuwa kikimtoa jasho ni kuzifikisha kwenye kiwanda cha uchapaji, upande wa pili wa mji. Mwaka jana alituma kitabu cha hadithi kwa mtandao, umeme ukayumba, faili likafika nusu. Msimamizi wa mitambo hakulitazama vizuri, akachapa nakala mia tano zisizo na mwisho. Lawama zote zikamwangukia Mshonaji, na tangu hapo msimamizi kila akimwona humuuliza kama yule mtoto aliyepotea kwenye hadithi amekwisha kuonekana.

Sasa alikuwa na kitabu cha sayansi, kurasa mia tatu zenye michoro, na kwa mara ya kwanza jina lake lingechapwa ukurasa wa ndani. Msimamizi alimpa sharti moja: Ijumaa, kabla ya saa sita mchana, faili liwe limefika zima. Lisipofika, kazi itakwenda kwa mpangaji mwingine, na yeye asikanyage tena pale.

Jumatatu akamwita shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ni fundi wa kompyuta. Shemeji akamwekea programu tatu za kuhamishia mafaili, akaisifia ile ya kwanza mpaka mate yakamkauka: ina rangi, ina picha, inapiga kengele ikimaliza. Mshonaji alimwacha aseme weee. Kisha akalituma faili, akasubiri lifike katikati, akainama na kuchomoa waya wa mtandao.

Shemeji nusura aanguke na kiti. Lakini Mshonaji miaka yote alinunua uzi kwa kuuvuta mbele ya muuzaji, na wenye maduka walipomwona anakuja walificha nyuzi mbovu. Aliporudisha waya, ile programu ya kengele ilianza upya kutoka sifuri.

"Shemeji, hii si uzi," fundi alilalamika.

"Kama si uzi, mbona imekatika?"

Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Ilitangaza kwamba imemaliza, kumbe haijamaliza, na Mshonaji akaifuta palepale bila hata kuagana nayo. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, haina picha hata moja. Aliichomolea waya mara nne, na mara zote nne ikaendelea pale ilipoachia. Shemeji akasema haina sura. Mshonaji akamjibu kwamba haendi kuiposa.

Ijumaa saa nne asubuhi akaanza kutuma. Saa tano na robo, asilimia sabini na nane, umeme ukakatika mtaa mzima. Mshonaji alibaki mbele ya kioo cheusi, maneno ya msimamizi yakimrudia masikioni. Baada ya dakika kumi umeme ukarudi. Kompyuta ikajivuta kuwaka kwa madaha yake yote, naye akafungua ile programu ya kijivu. Sabini na nane. Kisha sabini na tisa. Mguu wake ukaanza wenyewe kukanyaga pedali.

Saa sita kasoro dakika tano simu iliita. Alikuwa msimamizi, akipitia ukurasa mmoja baada ya mwingine, anasikika akipumua.

"Nimefika mia tatu," alisema msimamizi mwishowe. "Mama, kina mwisho."

Mshonaji alicheka mpaka majirani wakachungulia. Halafu akamwomba msimamizi arudi ukurasa wa pili, amsomee kwa sauti jina lililoandikwa pale.