Gari Lililokuwa Njiani Siku Zote

Ni majuma kadhaa sasa tangu tumzike mama mmoja wa Mandewa, hapa Singida mjini, na nimechelewa kuandika habari zake kwa makusudi. Nilitaka hasira ipoe kwanza. Haikupoa, kwa hiyo nitaandika nayo, na wasomaji wangu waliozoea upole wa safu hii wanisamehe. Ilikuwa Ijumaa asubuhi nilipopigiwa simu na mdogo wake, mwanamke waliyeishi naye nyumba moja na kufanya naye biashara moja. Hakunisalimia, na mtu wa huku kwetu akianza kusema bila salamu ujue kuna jambo. "Kaka, dada ametutoka," alisema, na kwa nyuma nikawasikia wanawake wakilia. Alianguka kiharusi akiwa amesimama karibu na mashine yake ya kukamua alizeti. Walitafuta gari la kumkimbiza hospitali, wakapata bajaji. Alifika akiwa hai, akafariki kabla ya adhuhuri. Alasiri tukampeleka makaburini, upepo ukitupiga kama kawaida yake, na wanaume wengi waliobeba jeneza lile walikuwa watu waliowahi kununua mafuta kwake, mimi nikiwa mmojawao.

Hakuwa ndugu yangu wala rafiki wa kuingiliana majumbani. Alikuwa mtu ninayemfahamu, kama mnavyowafahamu ninyi watu wa madukani ambao mkipita bila kuwasabahi siku haikamiliki. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyekuja na ukoo wake kutoka pwani miaka mingi iliyopita, mama yake Mnyiramba wa Mkalama. Yeye mwenyewe alianza maisha ya utu uzima kwa kuuza mafuta ya alizeti pale njia panda ya Mkiwa, akiyapanga madumu barabarani na kuwakimbilia wasafiri madirishani. Baadaye akanunua mashine, akaiweka mjini, akawa anakwenda Kinyangiri na vijiji vya jirani kila msimu wa mavuno kununua mbegu kwa wakulima waliomjua kwa sauti. Ulimi wake ulikuwa mkali na mizani yake ilikuwa sawa. Watu wenye sifa hizo mbili kwa pamoja wamekuwa adimu.

Siku moja, nikisubiri dumu langu lijae, aliniambia anaagiza gari jipya. Si jipya la kusema, lililotumika ng'ambo likapigwa rangi, bali ziro kilometa, kutoka kiwandani. Nilishangaa, nikamwambia hata mabwana wakubwa wa mji huu wanaendesha mitumba. Akacheka. "Kaka yangu, mimi ni mtoto wa sita. Gauni la Idi lilikuwa linanifikia limeshachoka. Viatu, begi la shule, godoro, vyote vilikuwa na mwenyewe kabla yangu. Nyumba hii niliinunua kwa mtu. Mashine hii niliinunua kwa mtu. Pikapu ile pale, mpaka leo inavutia kushoto, sijui huyo wa kwanza alikuwa anakwenda wapi. Nataka kitu kimoja kabla sijafa kiwe kimeanza na mimi." Nilimwelewa. Kila mtu aliyelelewa kwenye nyumba yenye watoto wengi atamwelewa.

Basi akaagiza pikapu katika duka moja la magari mapya Dar es Salaam. Akalipa walichomtaka alipe, akaambiwa ni suala la miezi michache tu. Kijana wa mauzo aliyekuwa akizungumza naye kwa simu alikuwa na adabu nyingi, shikamoo haikumpungukia. Miezi ile michache ilipokwisha, akaambiwa kiwandani kuna upungufu wa vifaa. Akakubali, dunia ina mambo yake. Kisha meli ikachelewa. Kisha meli ikafika lakini mzigo ukawa haujatolewa bandarini. Kisha lililofika likawa la rangi nyingine, naye alikuwa amesema nyeupe. Akawaambia basi wampe hiyo rangi nyingine, kijana akajibu kwamba hiyo nayo ilikuwa ya mtu. Na katikati ya visababu hivyo vyote lilikuwapo jibu moja lisilobadilika: "Iko njiani, mama." Mara nyingine simu ikimkuta dukani alikuwa akiiweka sauti ya juu tusikie sote. "Mwanangu," alimwambia siku moja mbele yangu, "njia gani hiyo? Mimi ng'ombe wa babu yangu walikuwa wanatembea kwa miguu kutoka Mkalama, na walikuwa wanafika."

Tulicheka. Leo sicheki, kwa sababu najua kilichokuwa kimetendeka. Yule kijana, katika moja ya simu zake za adabu, alimwambia gari limekaribia mno, ajiandae. Naye, kama mfanyabiashara yeyote mwenye akili, akajiandaa. Akaiuza ile pikapu kuukuu inayovutia kushoto, maana uwanja wake hautoshi magari mawili na mnunuzi alikuwa amepatikana. Msimu wa mavuno ukaingia akiwa hana gari. Akakodi, lakini msimu huo kila mtu anakodi, na mwenye gari humpeleka kwanza yule atakayemlipa zaidi. Alipofika Kinyangiri, mbegu nzuri zilikuwa zimeshachukuliwa na wanunuzi wa kutoka mbali. Wakulima walimwona wakamhurumia, wengine wakamwomba radhi kabisa: "Mama, tulikungoja, hatukukuona." Fikirini jambo hilo. Watu waliomngoja yeye walikuwa na ukomo wa kungoja, kwa sababu watoto wao wanakula. Yeye peke yake ndiye aliyetakiwa kungoja bila ukomo. Mwaka huo mashine yake ililala siku nyingi kuliko ilivyonguruma, na vijana wake wa kazi akawapunguza huku akilia.

Ndipo alipopanda basi kwenda Dar es Salaam. Kisa hiki alinisimulia mwenyewe aliporudi, na mdogo wake, aliyekwenda naye, amenithibitishia tena msibani. Waliingia kwenye duka lile asubuhi, wakakalishwa kwenye viti vizuri, wakapewa maji ya chupa. Kijana wa mauzo akatoka, akapiga goti kidogo, shikamoo mama, pole na safari, gari iko njiani. Wakiwa bado wamekaa, akaingia bwana mmoja nadhifu na dereva wake nyuma. Wafanyakazi wote wakasimama. Pikapu nyeupe, mpya, ya aina ileile aliyoagiza marehemu, ikaletwa mbele ya mlango, na bwana yule akakabidhiwa funguo huku akipigwa picha. Mama yetu akainuka, akamfuata kwa heshima zote.

"Hongera kaka. Samahani, hii uliiagiza lini?"

Yule bwana hakuwa na la kuficha. "Aa, si zamani mama. Wiki chache tu. Hawa wananijua, walinifanyia haraka."

Marehemu alilizunguka gari, akafungua mlango wa dereva, akapanda, akafunga mlango, akafunga na mkanda. Kijana wa mauzo akaja mbio. Meneja akaitwa, akaja akitabasamu kama mtu anayekwenda kumbembeleza mtoto.

"Mama, tafadhali shuka. Hii gari ni ya mteja."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe pia ni mteja wetu, mama, tena tunakuthamini. Ila wewe uko kwenye foleni."

"Na yeye foleni yake iko wapi?"

Meneja akaanza kueleza habari za taratibu na makundi ya wateja. "Sikuulizi taratibu," akamkata. "Nimeuliza foleni yake iko wapi. Nionyeshe nami nikasimame huko. Mmeniambia nisubiri, si ndiyo? Mimi nasubiri. Nasubiri humu." Akaegemeza kichwa kwenye kiti na kufumba macho. Wakamletea soda, hakuigusa. Wakamtisha kwamba wataita polisi, akasema waite, polisi nao waelezwe. Dereva wa yule bwana akajaribu kumwambia maneno makali, bwana mwenyewe akamzuia. Akasogea dirishani akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nakuapia, mimi sikujua."

Marehemu alipofika hapa katika kusimulia, aliacha kucheka. "Namwamini, kaka," aliniambia. "Hakujua. Lakini baada ya kujua, aliondoka na gari."

Alishuka mwenyewe ulipofika wakati wa sala ya adhuhuri. Hakushushwa na mtu. Meneja alimfuata mpaka mlangoni akimwahidi kwamba gari lake litakuwa la kwanza katika mzigo unaokuja. Mlangoni akatamka neno moja la Kinyiramba, lugha ya mama yake, ambalo mhariri wangu hataniruhusu kulitafsiri. Akarudi Singida na basi la kesho yake. Kuanzia hapo, anasema mdogo wake, shinikizo la damu lililokuwa likienda na kurudi likaja kukaa. Sitasema kwamba kungoja ndiko kulikomuua. Daktari hakusema hivyo na mimi si daktari. Wala sitasema kwamba gari uani lingemwahisha hospitali na akapona. Najua tu alivyokuwa kabla na alivyokuwa baada, na ninyi mliokuwa mnanunua mafuta pale mnajua.

Siku ya tatu ya msiba, khitima imesomwa na watu wanakula, simu ya marehemu ikalia. Mdogo wake akaipokea mbele yetu. Ilikuwa ile sauti yenye adabu. "Shikamoo mama! Leo nina habari njema. Gari yako imefika." Mdogo mtu akamwambia yeye si mwenyewe, mwenyewe amezikwa Ijumaa. Kijana akasema pole sana, Mungu amlaze pema, na nadhani alimaanisha. Kisha akasema, na haya niliyasikia kwa masikio yangu: "Sasa dada, nani atakuja kuichukua? Maana ni vizuri mje mapema wiki hii. Kuna wateja wengine wanasubiri." Mwanamke yule, ambaye maisha yake yote amekuwa mpole kuliko dada yake, akaishika simu mbali kidogo na mdomo akasema, "Kaka, sisi tuna msiba. Subirini." Akakata.

Walikwenda kulichukua baadaye, kwa wakati wao. Sasa hivi linabeba mbegu, mashine inafanya kazi, na baadhi ya vijana wamerudishwa kazini. Ni gari zuri, imara, sina neno nalo. Hilo linaniongezea uchungu badala ya kuupunguza, kwa sababu nikiliona likipita najua kwamba lilikuwa linawezekana. Aliyepewa haraka na aliyeambiwa asubiri walikuwa wakingojea kitu kilekile, kutoka mlango uleule.

Sisi watu wa Singida hatuhitaji kufundishwa kusubiri. Tunasubiri mvua katika nchi kavu, na mvua ikikataa tunaangalia juu, tunaomba, tunapanda tena. Kule juu hakuna mtu wa kugombana naye. Lakini imekuwa tabia ya watu wengi wenye madaraka madogo na makubwa kutupokea kana kwamba wao nao ni mvua. Kiwanja kimepimwa, hati iko njiani. Nguzo za umeme ziko njiani. Majibu yako njiani. Ukiuliza unaonekana huna subira, na subira tumefundishwa huvuta heri. Wahenga haohao walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, ila methali hiyo huwezi kuikuta imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi yoyote. Niko radhi kuamini kwamba viwanda huzidiwa na meli huchelewa. Hayo hutokea hata kwa mwaminifu. Nisichokubali ni kwamba uchelewaji huo daima unajua nani wa kumpata: unamruka mwenye cheo, unamruka anayejulikana, unakwenda moja kwa moja hadi kwa mwanamke wa Mandewa aliyelipa kama wenzake.

Najiuliza ingegharimu nini kama kijana yule, mwanzoni kabisa, angesema: Mama, tusidanganyane, gari hili huenda lisifike mwaka huu. Marehemu angefoka, namjua. Angemtukania hata mabosi wake. Kisha angekata simu, angebaki na pikapu yake inayovutia kushoto, angekwenda Kinyangiri msimu ule na kununua mbegu zake, na vijana wake wasingekaa nyumbani. Ukweli ule ungemuudhi kwa siku moja. Ninyi mnaokaa nyuma ya meza, na mna majina ya watu wanaowangoja, hamtakiwi kufanya miujiza. Inueni simu muwaambie lilivyo. Nasi tunaongoja tuache kujisifia uvumilivu, tudai kuambiwa. Mtu akikupa ukweli mchungu, unayapanga maisha yako upya. Akikupa uongo mtamu kila mwezi, maisha yako anayapanga yeye, wala hatakuwapo siku ya kukuzika.