Mpaka Mvua Ikatike

Nikiwa msichana, ungeweza kuizunguka Voi nzima, kuanzia stesheni mpaka sokoni, ukiuliza kila mtu kwao ni wapi, na usipate hata mmoja wa kukwambia ni hapa. Mwenye duka kwao mbali, polisi kwao mbali, mwalimu wangu wa darasa la tano kwao Kisumu. Na sisi wenyewe, tuliokuwa tukiiona milima yetu kila asubuhi tukifungua mlango, tulisema sisi ni watu wa juu. Voi ilikuwa mahali pa kazi tu. Jambo hilo lilinikera tangu utotoni na linanikera mpaka leo, maana mimi nilizaliwa katika nyumba ya reli, pale karibu na mahali reli ya Taveta inapoachana na reli kubwa, na sikuwa na pengine pa kupaita kwetu.

Lakini kwa watu waliodai wanapita tu, jamani, walikuwa na maneno juu ya mji huo! Nyumba zetu zilikuwa za safu, za wafanyakazi wa reli, tukiziita landi, na safu nzima ilitumia bomba moja la maji. Pale bombani ndipo Voi ilipohukumiwa kila siku. Kulikuwa na mama mmoja Mkamba, mwuza mahindi na ndengu sokoni, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kufika stesheni. Huyo kesi yake ilikuwa maji. Alisema maji ya Mombasa yanapita chini ya miguu yetu kwenye bomba ambalo mbuzi anaweza kutembea ndani, na sisi tunapigania matone. Wengine walibishana naye kama serikali inatuchukia au imetusahau tu. Kiangazi kimoja ndovu dume alitoka mbugani, akaling'oa lile bomba letu, akanywa, akaenda zake. Nilidhani wanawake watamlaani. Wapi! Yule mama alisema ndovu amefanya kile ambacho sisi tumekiogopa miaka yote, na kwa wiki nzima ndovu akawa mtu wa kusifiwa pale landi.

Walilalamikia pia jua, na vumbi jekundu lililoingia mpaka kwenye ugali, na mbu, na vijana walioacha mashamba ya milimani waje wauze mayai ya kuchemsha madirishani mwa treni. Mimi nilikuwa nikisikiliza na ndoo yangu nikijisemea, basi si muende. Hakuna aliyekwenda. Na jioni, upepo ukianza kushuka na treni ya abiria ikiingia, hao hao walalamikaji walikuwa wamejipanga kwenye uwanja wa stesheni wamevaa vizuri, wakitazama nani anashuka, wakicheka. Natamani ningerudishiwa hata jioni moja ya hizo.

Mtu mmoja tu alikuwa hasemi kwao ni kwingine. Huyo ni jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa Kiislamu tuliyemwita Bi Mkubwa. Babu yake alitoka Mombasa na ujenzi wa reli, akafia hapa, na watoto wake wakafia hapa. Alikuwa akitutazama sisi wa bara na wa milimani na kusikitika kidogo. "Nyinyi mwaishi hapa kama watu waliokosa gari," alituambia.

Alikuwa anamsema baba yangu hasa. Baba alikuwa na kazi ya kubadili njia za reli ili kila treni ishike njia yake, kazi ya uangalifu, na aliifanya miaka mingi bila kosa. Sisemi haya kwa ubaya, baba nilimpenda sana. Lakini katika miaka yote hiyo hakukubali msumari hata mmoja upigwe ukutani. Kalenda yetu ilikaa juu ya kiti. Vyombo vizuri vilikaa kwenye makatoni, vimefungwa kamba, tayari kwa safari. Mama alipotaka kupanda mpapai uani, baba alimwuliza atakula nani, maana sisi tunakwenda nyumbani. Nyumbani ni kule juu, upande wa Wundanyi, ambako alikuwa akijenga nyumba ya mawe kidogo kidogo kila likizo. Desemba tulipandishwa huko tukaone ukuta umefika wapi, nami nikitetemeka kwa ukungu huku binamu zangu wakinicheka.

Mama yeye alikuwa mtu wa Bomeni, kule Taveta, mtoto wa joto na ndizi. Hakuwa msemaji. Bombani wenzake wakiukatakata mji vipande, yeye alikuwa akikinga maji yake na kuondoka. Hakuisifu Voi, wala hakuiponda.

Miaka ya themanini ikianza, baba akastaafu. Barua ilisema tuiachie nyumba ya reli mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi pale mjini, bado sijaenda chuo, nikakuta baba akinisubiri mlangoni na ile barua mkononi akitabasamu kama bwana harusi. Nyumba ya mawe ilikuwa na bati tayari. Akamwambia mama watapanda milimani Jumatatu ijayo, wao wawili na makatoni yao.

Mama akasema, "Wewe tangulia."

Baba alicheka. Kesho yake akasema tena, mama akajibu hivyo hivyo. Siku ya tatu baba hakucheka, maana alikuwa amesikia kwamba mama amemwomba Bi Mkubwa amtafutie chumba cha kupanga Kaloleni, mtaa wa pale pale mjini. Mke wa mtu, amejengewa nyumba ya mawe, anatafuta chumba cha kupanga!

Habari hiyo iliupa mji kazi. Bombani, sokoni, kanisani, kila mtu alikuwa na maoni. Wanaume wa stesheni walisema hayo ndiyo ya kuoa wanawake wa tambarare, hawawezi baridi. Mama Mkamba, ambaye nilitegemea atamtetea, alisema mwanamke hakatai boma lake, na kwamba yeye Voi ataiachia vumbi lake siku yoyote mume wake akimwita. Kanisani waliombea ndoa zote kwa jumla, huku shingo zote zimegeukia benchi letu. Wengine walinong'ona kwamba lazima kuna mwanamume. Mama alipita katikati ya maneno hayo na ndoo yake kichwani.

Mimi nilifurahi, niseme ukweli. Nilijua, au nilidhani najua, kwa nini anakataa. Niliona hatimaye amepatikana mtu wa pili, baada ya Bi Mkubwa, anayeupenda mji huu na kuuona ni kwao. Nilijigamba mbele ya walimu wenzangu kwamba mama yangu ni mtu wa Voi kabisa. Loo, ujana!

Jumapili baada ya ibada, baba mkubwa akateremka kutoka milimani kuja kuamua. Huyo ni kaka yake baba, mzee wa kanisa, mpole lakini akishika neno haliachi. Tulikaa sebuleni kati ya makatoni. Bi Mkubwa aliitwa kwa sababu ya kile chumba, na mama Mkamba alijiita mwenyewe. Baba mkubwa alizungumza kwa muda mrefu, kwa Kiswahili ili wageni wasikie. Alisema mji si mahali pa kuzeekea. Mama akiugua hapa nani atamwuguza? Maji ya kupanga foleni, nyumba ya kupanga, na mwisho wake hata kaburi la kupanga. Mama Mkamba akaitikia kila kituo. Bi Mkubwa alisema taratibu kwamba kuna watu wamezeeka hapa na hawajafa kwa aibu. Wakaanza kubishana, maji, ndovu, hospitali, shule, bei ya vitu, yale yale ya bombani, mpaka nikaona wamesahau kabisa kwamba mwenye kesi yuko pale pale kwenye kiti cha kona.

Nikaona zamu yangu imefika. Nikasimama, mwalimu mzima, nikawaambia wamwache mama, kwamba wapo watu wanaoipenda Voi, na yeye ni mmoja wao.

"Wewe nawe kaa," mama alisema. "Hujui unachosema."

Nikakaa. Mama akamgeukia baba. Hakupandisha sauti. "Uliniambia mpaka mvua ikatike," alisema.

Baba mkubwa akauliza mvua gani, mbona ni kiangazi. Baba alikuwa na kikombe cha chai mkononi, akakiweka chini sakafuni.

Kabla yangu walikuwa na mtoto mwingine, msichana. Nilijua hilo jinsi watoto wanavyojua mambo ya nyumbani, kwa kuona watu wazima wakinyamaza ghafla. Yaliyobaki niliyasikia siku hiyo. Mwaka wa mvua kubwa, mimi nikiwa bado tumboni, mtoto huyo akapata homa. Ndiyo kwanza alikuwa anatembea. Alifia hapa mjini. Kwetu mtoto wa nyumba huzikwa nyumbani, lakini barabara ya kupanda kutoka Mwatate ilikuwa imebebwa na maporomoko, hakuna gari wala mtu wa kupita. Walingoja siku mbili. Ikabidi azikwe kwenye makaburi ya mji, ng'ambo ya reli, walikokuwa wakizikwa watu waliokufa safarini na wasio na jamaa. Mama alilia akisema hawezi kumlaza mwanawe kati ya watu asiowajua. Baba akamwambia ni kwa muda tu. Tumweke hapa mpaka mvua ikatike, kisha tumpeleke nyumbani. Wala si kwamba alimdanganya. Yeye alikulia milimani, ambako zamani wazee waliokufa walitolewa kaburini baada ya miaka na kuhifadhiwa pangoni kwenye miamba. Kuhamisha mtu aliyelala halikuwa jambo geni kwake.

Mvua ikakatika. Nikazaliwa mimi. Likizo ikakosekana, mwaka uliofuata nyumba ya mawe ikaanza, na baba akaona aibu kulitaja, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo aibu ilivyozidi. Mama hakumkumbusha. Alingoja.

"Mvua imekatika mara ngapi tangu siku ile?" mama aliuliza. "Mimi sina neno na milima yako. Baridi nitazoea. Lakini nikipanda gari Jumatatu, mtoto namwachia nani?"

Mle ndani hakuna aliyekuwa na maoni tena. Mama Mkamba alijifunika uso kwa leso. Mimi nilitamani sakafu inimeze, kwa yale niliyokuwa nimeyapayuka, na kwa miaka ishirini na moja ya kuishi nyumba moja na mama yangu bila kumwuliza swali hata moja.

Jumatatu baba alifungua katoni, akatoa jembe na shuka jeupe ambalo halijatumika. Baba mkubwa alimwambia mambo hayo siku hizi yana ruhusa zake, lazima apitie ofisini kwanza. Baba hakumsikia. Tulivuka reli sisi watatu, asubuhi, jua likianza kuchoma. Makaburi ya mji yalikuwa miiba mitupu na mbuzi wanalisha. Vilima vingi vya udongo vilikuwa vimelala sawasawa na ardhi, havina msalaba wala jiwe. Baba alizunguka huku na huku, akasimama. Hakujua ni wapi. Mtu aliyezijua njia zote za reli hata akifumbwa macho, hakujua mwanawe yuko wapi.

Mama alikwenda moja kwa moja. Akapiga magoti akaanza kung'oa majani, kwa haraka haraka, jinsi mtu anavyofagia mahali anapofagia kila mara. Ndipo nilipofahamu kwamba hakuwahi kuacha kuja.

Baba alimfuata, akainua jembe, akapiga mara moja. Udongo ulikuwa mkavu, mgumu, jembe likaruka. Hakupiga tena. Alisimama ameshika mpini na machozi yakimtoka, na mimi sikuwa nimewahi kumwona baba akilia.

Mama akainuka akalishika lile jembe. "Acha," alimwambia. "Ameshazoea."

Walikaa hivyo, wote wawili wameshika mpini mmoja. Baadaye baba akasema, "Basi na sisi tukae."

Kisha akachuchumaa, akaweka kiganja chake pale jembe lilipopiga, na akaita jina. Aliliita mara mbili, polepole, jinsi unavyomwita mtoto aliyeko nje aje ndani. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na ndiyo siku ya kwanza niliyosikia dada yangu aliitwa nani.