Chumvi ya Tani Mbili

Kiwandani walimwita Mpishi, ingawa nyumbani mumewe ndiye aliyeshika mwiko. Kazi yake ilikuwa kupanga chakula cha kuku. Kwenye kompyuta aliandika uzito wa mchanganyiko mzima, fomula zikamgawia mahindi, soya, unga wa samaki na chumvi. Kisha alinakili namba hizo na kuzibandika kwenye ukurasa mwingine, ule ulioonekana kwenye skrini ya chumba cha mashine. Huko shemeji yake, mdogo wa mumewe, alipima na kumimina.

Asubuhi hiyo aliandika nusu tani, chakula cha vifaranga. Akanakili, akabandika, akaona namba zimekaa sawa. Akageukia oda ya mchana: chakula kile kile, tani mbili. Akafuta nusu, akaandika mbili.

Chai ilikuwa bado mdomoni alipoutupia jicho ukurasa wa mashine. Namba zote zilikuwa zimepanda mara nne.

Alikuwa amebandika fomula na yote, na fomula hizo bado zilifuata ukurasa wake. Alipobadilisha huku, na kule kukabadilika.

Akapiga simu. Ikaita weee mpaka ikakatika. Kwa kelele za mashine ile, hata radi usingeisikia. Akatoka mbio, kiatu kimoja kikamvuka mlangoni, asikirudie.

"Zima! Shemeji, zima!"

Shemeji akabonyeza kitufe. "Kuna nini? Unafukuzwa?"

"Umeshaweka nini?"

"Mahindi, soya, samaki. Na chumvi sasa hivi."

"Chumvi kilo ngapi?"

"Sita. Si ndivyo inavyosema?" Akaonyesha skrini. "Niliona nyingi, nikasema aah, Mpishi ndiye ajuaye chungu chake."

Ilitakiwa kilo moja na nusu; vile vingine vilikuwa vimepimwa kwa namba za nusu tani, kabla hazijapanda. Chumvi ikizidi namna ile, vifaranga hufa banda zima. Nje mteja alikuwa akipiga honi ya pikapu, na meneja huyo anaingia kuuliza magunia.

"Sema mashine imeharibika," shemeji akanong'ona. "Nitakubeba."

Uongo ulishamfika ncha ya ulimi. Akaumeza. "Nimekosea mimi, bosi. Chumvi imezidi. Hiki hakitoki."

Meneja akachungulia ndani ya mashine. "Basi tunafanyaje?"

Chumvi iliyomiminwa ilikuwa ya tani mbili, na tani mbili zilitakiwa mchana. Wakaugawa mchanganyiko mafungu manne, kila fungu wakaliongezea mahindi, soya na samaki bila punje ya chumvi, wakalizungusha upya. Fungu la kwanza likaenda kwa mwenye pikapu, aliyekwisha kufoka mpaka sauti ikamkauka. Meneja hakuondoka pale, mikono kiunoni. Alipotoka alisema tu, "Barua ya onyo utaikuta mezani."

Mpishi akaipokea. Kisha akafungua oda ya mchana, iliyobakiwa na nusu tani, akanakili, na safari hii akachagua Bandika Maalumu, thamani peke yake: namba kavu, fomula zikabaki kwake. Akabadilisha uzito makusudi, akapiga simu chumba cha mashine, mashine ikiwa bado imezimwa.

"Zimecheza?"

"Hazijacheza."

"Tazama vizuri."

"Shemeji, nimetazama. Ila leo sikuamini ng'o."

"Usiniamini," akasema. "Nisomee moja moja. Anza na chumvi."