Mpiga Kinanda Aliyeziba Masikio

Rafiki yangu mpiga kinanda alifariki Jumamosi alfajiri, akatangazwa kwa kipaza sauti cha msikiti, akazikwa baada ya adhuhuri. Mimi, ambaye nyumba yangu hapa Ukunda inatazamana na msikiti huo, nilipata habari saa kumi jioni nilipokwenda dukani kununua sukari. Muuza duka alinitazama kama amtazamavyo mwizi wa viatu vya waumini. "Mbona mazikoni hukuonekana, mzee? Si alikuwa mwenzako yule?" Ilimbidi arudie mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti ya kunadia samaki, hata wateja wote wakajua kwamba mimi ndiye niliyeyakimbia maziko ya rafiki yangu. Simu nayo, nilipoitazama, ilikuwa imelia mara kumi na moja. Nyinyi wasomaji wangu mnaojua kwamba nilipiga gitaa la besi miaka ishirini na minane kabla ya kuanza kuwachosha kwa safu hii, mtaelewa. Masikio yangu niliyaacha kazini.

Marehemu hakuyaacha yake. Tulipiga pamoja, siku za wiki katika hoteli moja ya Diani, ambako wageni walituomba tupunguze sauti ili wale kwa raha, na mwisho wa wiki harusini, ambako wenyeji walituomba tuongeze. Maana sisi watu wa pwani ya kusini ni wastaarabu sana: harusi tunaipima kwa urefu wa spika. Bibi harusi na awe mzuri, pilau na liive, mashekhe na waje. Kama spika hazikuwapita watu kimo na mlio haukufika kisiwani Chale, wageni watarudi makwao wakiuliza kulikuwa na aibu gani iliyokuwa ikifichwa. Wapigaji tulisimama ubavuni mwa spika hizo, tukatoka na masikio yakivuma mpaka kesho yake, na uvumaji huo tukauita utamu wa kazi.

Alipoona mvumo wake hauondoki, alivuka feri akaenda Mombasa kwa mtaalamu wa masikio. Huko alitiwa sikioni kitu laini kama donge la mahamri, kikaganda, kikatolewa kikiwa na umbo la sikio lake lenyewe, kila kona na kila kijia. Kwa kipimo hicho akatengenezewa vizibo vya mpira laini vyenye kichujio kidogo ndani yake. "Haviui sauti," alinieleza kwa subira ambayo sikuistahili. "Vinaiteremsha tu. Muziki wote naupata, ila haunipigi." Nikamuuliza kama vinaweza pia kumteremshia mama mkwe wake. Nilikuwa mcheshi sana siku zile.

Harusi ya kwanza kuvivaa ilikuwa Msambweni. Shangazi wa bibi harusi, aliyekuwa amevaa dhahabu kumshinda bibi harusi mwenyewe, aliviona akaja juu. "Looo! Tumemwita atupigie, naye kaziba masikio! Kwani harusi yetu yanuka?" Mtu mwenye busara angalimweleza mama yule. Mimi nilichukua kipaza sauti: "Mabibi na mabwana, mstahamilini mwenzetu, leo anasikiliza harusi ya jirani." Watu wakafa kwa kicheko. Marehemu alitabasamu, akaendelea kupiga, na wimbo ulipokwisha akaniambia taratibu kwamba waya wangu wa pili umelegea. Nikaujaribu. Ulikuwa umelegea kweli, tangu nyimbo mbili zilizopita, na mwenye masikio wazi hakuwa na habari.

Hakuniwekea kinyongo. Aliniandikishia nafasi kwa mtaalamu wake, akanibembeleza twende pamoja. Siku ya safari nilishinda Kona ya Musa, hapa hapa Ukunda, nikinywa kahawa na kuwasimulia watu jinsi mwenzangu anavyotaka nikakandiwe mahamri masikioni. Aliporudi peke yake alisema tu, "Sikio la kufa halisikii dawa," tukacheka sote wawili, kila mmoja kwa sababu yake.

Nimelifikiria sana jambo hili wiki hii. Fundi wa kuchomelea vyuma akivaa miwani hatumuulizi kwa nini anaona haya kuutazama mlango anaoutengeneza. Mpiga muziki peke yake ndiye tunayemtaka athibitishe kwamba anaipenda kazi kwa kuharibiwa nayo, na akishaharibika tunamwita mkongwe, tunampa heshima zake, tunatafuta mwingine. Marehemu aliitwa mwenye maringo hadi alipostaafu. Na uzeeni mwake alikuwa akimsikia mjukuu wake akinong'ona uani.

Kiziwi mwenye heshima zake hujifunza hila. Mimi hucheka wenzangu wanapocheka, huitikia kwa kichwa, na ujumbe wa sauti nisioupata huujibu, "Sawa, inshallah." Jibu hilo lilinifaa kwa kila jambo, na kwa miaka mingi halikunitia aibu. Nililionea hata fahari.

Jumapili nilikwenda kutoa pole. Mjane alikuwa ndani, katika eda, nikapokewa barazani na binti yao mkubwa. "Shikamoo, ami," alisema, kisha akaongeza maneno mengine kwa sauti ya chini, machozi yakimlengalenga. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. "Inshallah, mwanangu," nikamjibu. Alinikodolea macho. Halafu nadhani alifahamu, maana alisogea mpaka karibu na sikio langu. "Ami, nimesema baba alikungoja Alhamisi kutwa. Jumanne alikutumia ujumbe wa sauti kuwa moyo umemzidi, uje Alhamisi muonane. Ukamjibu sawa, inshallah. Akatutaka kiti chako tukiweke upande huu, ndiko unakosikia kidogo."

Basi alijua. Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima, mtu mzima mimi, na sijui kama nililia kwa sauti. Ndugu zangu wapigaji, vukeni feri mkapimwe masikio yangali yenu, na shangazi wa bibi harusi aseme atakalo. Na aliyekwisha kuchelewa kama mimi, ajifunze kutamka neno moja ambalo kiburi kilinizuia: sikusikia. Ningalimwambia hivyo Jumanne, angalirudia.