Maneno Aliyoyakata Winfrida

Winfrida aliusoma ujumbe wa mwalimu wake akiwa amesimama, kisha akaketi, akausoma tena. Alikuwa mwanafunzi wa uandishi wa habari, mwaka wa pili, amerudi nyumbani kijijini kwa likizo huku akisubiri alama za filamu fupi aliyoitengeneza kuhusu wajane na mashamba. Moyoni alijua imetoka vizuri. Wenzake waliisifu, naye akaisambaza WhatsApp hadi kwa ndugu na majirani.

"Picha nzuri," aliandika Mwalimu Nasma. "Lakini mama Tulinagwe anaposema shemeji yake alitaka kumnyang'anya shamba, pumzi yake inakatika ghafla. Hakuwa amemaliza. Aliendelea kusema nini?"

Hasira zikampanda. Mwalimu gani huyu wa kupima pumzi za watu? Hata hivyo aliifungua rekodi ya awali, akatega sikio.

"...alitaka kuninyang'anya shamba," mama Tulinagwe alisema, akavuta pumzi, "lakini tulikaa kikao cha ukoo, akaomba radhi, na mwaka huu migomba yangu ameipalilia yeye."

Winfrida ndiye aliyeyakata maneno hayo, kwa kuwa aliona yanaipoza habari.

Alipanda bodaboda mpaka Mpuguso, kijiji cha jirani anakoishi mjane huyo, mvua ikimchapa mgongoni. Alimkuta mama Tulinagwe barazani anamenya ndizi, na kando yake amesimama shemeji mwenyewe, Ambwene.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

Mama aliitikia. Ambwene hakuitikia.

"Ndiye huyu aliyenifanya mwizi?" aliuliza. "Jana kanisani benchi zima nimekaa peke yangu. Peke yangu, binti!"

Winfrida alisogea karibu. Akatoa simu, akaiweka juu ya kigoda, akabonyeza. Rekodi ikasikika yote.

"Niliyakata mimi," alisema hatimaye. "Nitaitengeneza upya, niyarudishe yote, watu waone..."

"Hapana," mama Tulinagwe alimkatiza. "Usinioneshe tena kwa watu. Mambo yetu tuliyamaliza ndani, wewe ukayatoa nje nusu. Waambie ulichofanya. Sasa hivi, nasi tukisikia."

Winfrida akajirekodi. Mara ya kwanza sauti ilikwama, akaanza upya. Alitaja jina lake, akataja alichokikata na kwa nini, akawatumia wote aliowatumia filamu. Kisha akamwandikia Mwalimu Nasma kwamba filamu anaiondoa, hata kama itambidi arudie somo.

Ambwene alivaa koti lake, akatoka bila kuaga, akapotelea kwenye migomba.

"Atanisamehe, mama?"

"Utamuuliza mwenyewe. Lakini si leo." Mama Tulinagwe alimsogezea kisu. "Menya, mwanangu. Mvua bado inanyesha."