Nani Anafundisha Fizikia?

Katika vikao vya wazazi vya sekondari yetu ya kata, karibu na Makambako, watu husifu kwa Kiswahili na kulalamika kwa Kibena. Mkuu wa shule ametoka mkoa mwingine, kwa hiyo husikia sifa tu. Mdogo wangu alitaka kusoma sayansi, na shule haikuwa na mwalimu wa fizikia. Sifa zilipozidi, nikasimama.

"Mwalimu, fizikia anafundisha nani?"

Mama alinivuta koti nikae.

"Kwa sasa hakuna," mkuu akajibu taratibu.

Mzee mmoja akanigeukia na kunifokea kwa Kibena: "Wewe msomi! Mwalimu wa hesabu tunambembeleza kwa viazi na kuni ili asihame. Akiudhika akaondoka, utakuja kufundisha wewe?"

"Mzee anasemaje?" mkuu akaniuliza.

Ukumbi mzima ulinikazia macho. Viazi na kuni nikaviacha.

"Anauliza kama nitakuja kufundisha mimi."

"Utakuja?"

Nina shahada ya uhandisi na sina kazi, na hakuna asiyejua. Nilimtazama mama. Hakunisaidia.

"Nitakuja," nikasema, "mpaka mpate mwalimu."