Pazia Lililopungua Sentimita Kumi

Mtaa mzima walimwita Bibi Mkasi, nusu kwa kazi yake ya ushonaji na nusu kwa ulimi wake. Alishona miaka arobaini, na alipenda kuwakumbusha watu, hata wasiouliza, kwamba hajawahi kumkatia mtu nguo ikampungukia. Shule aliishia darasa la saba, ila la saba la zamani, alisema, siyo hili la siku hizi la kupaka rangi vitabuni.

Likizo ile ndefu mwanawe alikuwa safari ya kikazi, na mkwewe, muuguzi, aliondoka asubuhi na kurudi jioni. Wajukuu wawili wakabaki mikononi mwa bibi: Kidoti, msichana wa miaka kumi, na mdogo wake wa miaka sita, waliyemwita Wakili kwa wingi wa maswali.

Shida ilikuwa ripoti ya Kidoti. Kwenye hesabu alikuwa ameanguka vibaya, na mama yake alishakata shauri: likizo yote ni twisheni, asubuhi mpaka alasiri. Bibi Mkasi hakutaka kusikia. Alimwona mtoto anavyonyong'onyea kila akifungua daftari, kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi.

"Niachie mimi," alimwambia mkwewe.

"Mama, wewe utamfundisha nini? Kushona?"

"Kwani nguo hukatwa kwa kubahatisha?"

Mkwe akapima maneno yake. "Wiki mbili. Kisha apime dirisha la sebuleni peke yake, aseme pazia liwe na urefu gani. Likikaa sawa, likizo yote ni yako. Likikosea, Jumatatu anakwenda twisheni, na sitaki tena maneno."

Basi nyumba ikageuka karakana. Kopo la vifungo likamwagwa sakafuni, vikapangwa kumi kumi, kisha vikagawanywa kwa watu watatu, na kilichobaki kikagombaniwa. Magazeti ya kuchorea mitindo ya nguo hayakuguswa na mkasi mpaka Kidoti ayasome kwa sauti, hata matangazo ya viwanja. Kitambaa kilikunjwa mara mbili, mara nne, mara nane, na kila kunjo alitaja ni sehemu ya ngapi. Wiki ya pili alikuwa anataja kabla bibi hajamaliza kukunja. Wakili naye alishona mfuko wake wa kwanza, akaufunga pande zote nne.

"Mume wangu, sasa vitu vitaingilia wapi?"

"Kwani lazima viingie, bibi?"

Siku ya mtihani ikafika. Kidoti akapanda kiti, akapima dirisha, akaandika kwenye karatasi: mia na arobaini, pamoja na ya kukunja. Bibi hakuchungulia, ahadi ni deni. Kazi yake ilikuwa kukata tu, maana mkasi ule mkubwa watoto hawakuruhusiwa kuushika. Akatandaza kitambaa mezani, akachukua futi yake ya kupimia, ileile aliyotumia mjukuu, akakata. Wakapinda juu na chini, wakashona pamoja.

Jioni mkwe akaingia, hata viatu hajavua, pazia likatundikwa. Chini likaacha pengo la upana wa kiganja, mwanga unapita.

"Haya," akasema mkwe taratibu. "Jumatatu."

"Mimi niliandika sawa," alisema Kidoti.

"Uliandika mia na arobaini, nimekata mia na arobaini," bibi akamkata kauli. "Mkono huu haukosei."

"Siyo mkono, bibi. Ni futi." Akaileta, akailaza kando ya rula yake ya shule. "Ona, yako inaanzia kumi. Dirisha pamoja na ya kukunja lilifika mia na hamsini, nikatoa kumi."

Hapo Bibi Mkasi akakumbuka. Miaka mingi nyuma pasi iliunguza ncha ya futi ile, akaikata sawasawa penye kumi, akasahau. Iliyompima mtu ndiyo iliyopima kitambaa, kwa hiyo nguo zilikaa tu, na hakuna aliyegundua. Hata sasa angeweza kusema mtoto kachanganya mambo, na nani pale angebishana na fundi? Jina lake la miaka arobaini lingebaki safi. Akamtazama Kidoti, kaishika ile rula kwa mikono miwili.

"Mtoto kapima sawa," akasema. "Aliyekata vibaya ni mimi."

"Bibi umekosea?" Wakili akauliza.

"Nimekosea, na wewe nyamaza."

Mkwe alikuwa bado anaigeuzageuza ile futi. "Ngoja kwanza. Kiuno changu ulichokipima mwezi uliopita, ukaniambia tisini..."

"Themanini, mama," alisema Kidoti, kabla mtu mwingine hajaanza kuhesabu.

Mkwe akaketi kwenye kiti, akacheka mpaka machozi. "Mwezi mzima nalala na chai kavu ili nipungue! Na huyu anayetoa kumi kichwani bila kuambiwa, twisheni akafundishwe nini? Likizo yenu, mama. Mimi simo."

Kidoti hakusubiri. Alikwishapanda kiti, anapima lile pengo kwa rula.

"Tuongeze ukanda chini. Kumi za pengo, mbili za kuungia, mbili za pindo. Kumi na nne." Akafikiri kidogo. "Lakini kwa futi yako, bibi, kata penye ishirini na nne."

Bibi Mkasi akainamia meza, akakata penye ishirini na nne, wala hakuuliza kwa nini.